Mfuko wa Maharagwe Uliobarikiwa

Harufu ya turubai la shitingi lililolowa, ikichanganyika na moshi wa kuni mbichi, mpaka leo sijaisahau. Msimu ule wa mvua tuliishi kambini nje kidogo ya Goma, juu ya mawe meusi ya volkeno yasiyootesha hata mchicha. Tulikuwa wakulima wa Kibumba. Vita vilitukuta muda mfupi baada ya misa ya mbegu, ambapo kila familia hupeleka mbegu zake altareni padri azinyunyizie maji ya baraka kabla ya kupanda. Mama alikimbia na mdogo wangu Neema mgongoni na mfuko wa maharagwe yetu yaliyobarikiwa kichwani. Papa, aliyekuwa katekista, alibeba Biblia na riwaya moja ya Kifaransa isiyo na jalada, ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajaimaliza.

Riwaya ile ilisimulia wakulima waliofukuzwa na ukame, wakihama na mbegu zao katika lori bovu. Alasiri, mvua ilipotufungia ndani, Papa alitusomea kurasa chache akitafsiri, wala hakukubali kuruka mbele hata tulipombembeleza. Kitabu, alisema, huliwa kama ugali, tonge kwa tonge. Na kwake kila kitu kilikuwa ishara. Mto waliouvuka ulikuwa Yordani, lori lilikuwa safina. Mfuko wa mbegu, alisema huku akiutazama wetu, ulikuwa Sanduku la Agano, na aliyeligusa ovyo alikufa. Nilimwamini kabisa. Mama alimwamini kuliko mimi.

Chakula cha msaada kilipochelewa, Neema alianza kuvimba miguu na nywele zake zikageuka rangi. Jirani yetu, Mama Bahati, alimsihi Mama apike yale maharagwe. Mama alishtuka kama mtu aliyeambiwa aibe kanisani.

“Mutu hakulake mbegu padri alishabariki,” alijibu. “Tukikula hii, hatutarudia Kibumba.”

Akiba haiozi, aliongeza, na Papa akaitikia kwa kichwa. Neema alilia kwa sauti nyembamba, kisha akaacha kulia. Siku tuliyomzika, Mama aliufungua mfuko mwenyewe, akapika maharagwe yote na kuwagawia watoto wa kambi. Nami nilikula. Yalikuwa matamu, na utamu ule nauchukia mpaka leo.

Matanga yalipokwisha, Papa alitusomea kurasa zilizobaki. Mle, mama wa familia ile alipasua mfuko wa mbegu, akampikia mtoto wa watu asiowajua, na mtoto akapona. Papa alikwama katikati ya sentensi. Mama hakupaza sauti.

“Ungeanza ku mwisho, Papa Riziki,” alisema, akimwita kwa jina langu kama siku zote.

Papa hakutusomea tena kitabu chochote hadi alipofariki.

Leo nafundisha sekondari hapa Murara, mjini Goma, na riwaya ninayofundisha ni ileile. Watu wa Kibumba wamekimbia tena. Baadhi ya watoto wao wamo darasani mwangu, na wanasinzia kwa njaa. Wanafunzi huandika kwamba mfuko wa mbegu unaashiria agano la Mungu na watu wake. Nawapa alama zao, maana si kosa. Jioni Mama huniuliza tumesoma nini, nami humweleza, pamoja na yale waliyoandika wanafunzi. Huwa anaendelea kuchambua maharagwe ya kupika, kisha husema bila kuniangalia:

“Ile ni maharagi, mutoto yangu. Uwaambie ni maharagi.”