Msimamizi wa Kituo Aliyekosa Kura Yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Hilary Brundish anafungua ukumbi wa kijiji cha Pellingham kwa ufunguo na kwa bega. Mlango huu hufura mvua ikinyesha, na wiki hii imenyesha siku nne mfululizo.

Anapanga vibanda vitatu vya kupigia kura juu ya mistari ya uwanja wa badminton. Anafunga kila penseli kwa uzi, mafundo mawili mawili, kwa sababu watu wa Pellingham ni waaminifu katika kila jambo isipokuwa penseli. Kisha analigeuza sanduku la kura kichwa chini na kulipiga kofi mbele ya karani wake, Tamsin.

"Umeona? Hamna kitu."

"Nimeona, Hilary."

"Hebu angalia tena. Tukifikishwa mahakamani, hilo ndilo la kwanza watakalokuuliza."

Mwandishi wa habari haruhusiwi kuvuka kizingiti siku ya kura. Haya yote nayatazama nikiwa nimesimama kwenye majani yaliyolowa, mkononi nina kikombe cha chai aliyoipika yeye, chungu kama dawa.

Siku nyingine zote Hilary, mwenye umri wa miaka sitini na minne, ni mpishi wa shule ya msingi. Lakini kila mwaka wa nne, Alhamisi ya kwanza ya Mei, wilaya ya Wenmarsh inapochagua madiwani, yeye huwa kituoni. Leo ni uchaguzi wake wa tisa wa halmashauri, na ameshaandika barua kwamba ni wa mwisho.

"Pauni mia mbili na arobaini kwa siku nzima, mpaka saa nne usiku," anasema. "Toa kodi, toa keki ninazowaokea, naambulia jozi ya viatu. Siyo pesa iliyoniweka hapa."

Saa moja kamili mlango unafunguliwa, na karatasi ya kwanza anaichukua yeye mwenyewe. Tamsin anachora mstari kwenye jina lake katika daftari la wapiga kura. Hilary anauangalia mstari ule mpaka wino unakauka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Hilary aliumwa mwaka 1991.

Mwaka huo alikuwa karani mpya, akapangiwa kituo cha Kettlesham, kijiji cha jirani. Karani anayepangiwa mbali na kwake hana budi kupiga kura kwa posta. Fomu alikuwa nayo. Aliibandika kwenye mlango wa jokofu asije akaisahau, na ikabaki hapo hapo kwenye jokofu.

Siku nzima aliwagawia karatasi watu wa Kettlesham. Usiku kura za Pellingham zikahesabiwa mara tatu: diwani aliyekuwepo, Rodney Fitch, 287. Mgombea asiye na chama, Desmond Catchpole, 287.

Sheria ya Uingereza haina mchezo katika hilo. Kura zikilingana, bahati ndiyo inayoamua. Msimamizi wa uchaguzi akaandika majina mawili, akayatia kwenye bahasha mbili zinazofanana, akachanganya, akachomoa moja. Ilikuwa ya Fitch.

Desmond, jirani wa Hilary ukuta kwa ukuta, alikuwa ameahidi kupigania nyumba sita za kupanga kwa ajili ya vijana wa kijiji. Hazikujengwa. Yeye akarudi kwenye karakana yake ya baiskeli na hakugombea tena.

"Nilikuwa nimeamua kumpa yeye," Hilary ananiambia. "Kura moja tu, yangu. Na mimi ndiye niliyekuwa nimevaa beji ya uchaguzi siku nzima! Miaka thelathini na miwili namwona kila asubuhi akitoa takataka, naufyata mdomo. Leo namwambia. Sistaafu na huu mzigo."

Namwonea huruma.

Saa tano Desmond anaingia, miaka tisini na mmoja, tai shingoni, mbwa wake mnene amefungwa nje karibu na miguu yangu.

"Kitambulisho, mzee," anasema Hilary. Ni mwaka wa kwanza sheria inadai chenye picha.

"Kitambulisho? Mimi nilicheza kwenye harusi yako, Hilary!"

"Ulicheza vibaya. Kitambulisho."

"Na ule uzio wenu nani aliwashikia nguzo?"

"Mzee Desmond, unazuia foleni."

"Foleni gani? Niko peke yangu!"

Anatoa kadi ya basi ya wazee. Picha yake ni ya kitambo, ana nywele. Hilary anaitazama kadi, anamtazama mtu, anaitazama kadi, mpaka Tamsin anaficha uso nyuma ya daftari. Desmond anapewa karatasi yake, anakaa kibandani muda mrefu kuliko majina matatu yanavyohitaji, anaitumbukiza sandukuni.

Hilary anamwachia Tamsin meza na kumfuata hadi benchi la mlangoni, hatua tatu kutoka nilipo. Msimamizi haruhusiwi kukiacha kituo, kwa hiyo mwisho wa hatua zake ni hapo. Nataka kusogea mbali. Ananiashiria nibaki, nadhani anahitaji shahidi ili asirudi nyuma.

"Mzee, mwaka ule wa bahasha," anaanza. "Mimi sikupiga kura. Nilisahau fomu. Ningekupa wewe. Ulishindwa kwa sababu yangu."

Desmond anamkuna mbwa shingoni.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mgombea anaruhusiwa kulikagua daftari baada ya uchaguzi, aone nani alikuja na nani hakuja. Wewe si ndiye bingwa wa sheria? Nilikwenda wiki ile ile. Nikapita jina kwa jina. Brundish, Colin, mumeo, ana mstari. Brundish, Hilary, hana."

"Miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakungoja uje useme. Nilikasirika sana, sikufichi. Kiangazi kizima sikukupa hata nyanya moja."

"Nilidhani zimeliwa na konokono!"

"Konokono gani." Anacheka mpaka anakohoa, kisha anatulia. "Baadaye mke wangu Edna akaanza kuumwa. Udiwani ni miaka minne, Hilary, na kila wiki jioni mbili tatu uko mikutanoni mnabishana habari za maegesho. Edna alikuwa amebakiza miaka mitatu na nusu. Nilizipata jioni zake zote. Ungenipa ile kura, ningemwambia nini?"

Hilary analia pale pale, beji kifuani. Hafuti machozi. Desmond anampa leso yenye harufu ya grisi ya baiskeli, naye anaitumia bila kujali.

Anapopata sauti, anamweleza jambo ambalo hata mimi hakuwa ameniambia. Akina mama wa jikoni na nusu ya barabara yao wanamtaka agombee yeye, mwaka 2027.

"Gombea," anasema Desmond. "Mdomo unao. Colin mzima?"

"Mzima kama punda."

"Basi kamuulize yeye kwanza."

Mama mmoja anakuja akisukuma kigari cha mtoto. Hilary anainuka, anajikung'uta sketi na kurudi mezani. Colin, fundi bomba, anafika saa saba na mkate wa mayai uliofungwa kwa karatasi. Wanaongea habari za mlango uliofura, na hamuulizi lolote.

Namuuliza mimi atamwambia lini. Jumapili, anasema, wakishakula.

"Natumaini atakubali," anasema. Anamtazama Colin akiisugua fremu ya mlango kwa msasa, bila kuombwa na mtu. "Lakini natumaini hatakubali upesi, azionee kwanza uchungu jioni zetu."