Gundi ya Mikebe Miwili Juu ya Mafuta ya Papa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa msumeno wala nyundo. Nilipewa ubao. Fundi Mkuu wa karakana ya serikali ya vyombo vya bahari pale Msambweni aliitikia shikamoo yangu, akanitia kipande cha ubao mkononi, akasema, "Nusa." Nikadhani ananifanyia mzaha. "Nusa, mwanangu. Ubao wa chombo hunuswa kabla haujaguswa na chuma."

Nikanusa. Ulinuka mafuta ya papa, ambayo wavuvi wetu huvipaka vyombo vyao mwaka baada ya mwaka ili mbao zisinywe maji. Akanipa mwingine, unanuka uozo. Akanipa wa tatu, una maji yaliyojificha ndani. Asubuhi nzima ikawa kazi yangu ni pua. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, nami ndevu zilikuwa hazijaniota sawasawa.

Nyufa tukiziziba kwa kalafati, yaani pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, ukaishindilia katikati ya mbao kwa patasi butu. Kazi ya kuchosha mabega, lakini chombo kilirudi baharini kikakaa. Kisha Fundi Mkuu akastaafu, akaletwa Mkuu wa Karakana mpya kutoka bara, kijana wa viatu vya kung'aa, na pamoja naye ikaja gundi ya epoksi. Sisi tukaiita gundi ya mikebe miwili.

Nisisingiziwe kwamba niliichukia. Nilipelekwa Mombasa wiki mbili kuisomea, na nikaipenda. Mkebe mmoja una gundi nzito yenye rangi ya asali, wa pili una dawa ya kuigandisha. Ile yetu ilitaka vipimo viwili kwa kimoja, wala hapana kukadiria kwa jicho, kwa maana ukikosea kipimo haigandi, hubaki ikinata siku zote. Ukitaka kujaza pengo, unaichanganya na unga wa mbao ikawa nzito kama uji wa mtoto. Na usichanganye nyingi kwenye jua la mchana! Mimi nilifanya hivyo mara moja, mkebe ukapata moto ukafuka moshi, na brashi yangu mpya ikagandia humo humo. Wenzangu walinicheka mpaka Ramadhani.

Lakini neno kubwa la mwalimu wetu lilikuwa moja, na alilirudia hata tukachoka: gundi hii hushika ubao mkavu, uliokwanguliwa, usio na mafuta. Hiyo ndiyo siri ya kuichagua. Unauangalia ubao kwanza, mkebe baadaye. Ubao mpya uliokauka, ipake. Ubao ulionyweshwa mafuta ya papa miaka ishirini, rudi kwenye pamba yako.

Basi ikaletwa mashua ya Mzee Kassim, mvuvi wa Munje, aliyekuwa akivua na wanawe wawili. Ilikuwa imepandishwa pwani siku nne tu, na mbao zake mbili za tumboni zilikuwa zimeachana. Nikainama, nikanusa. Mafuta matupu! Nikamwendea Mkuu.

"Bwana Mkuu, hii haitaki gundi. Yataka kalafati. Ama tuikwangue, tuipanguse, tuikaushe wiki tatu, na hata hapo siahidi."

"Mgeni rasmi anakuja Ijumaa kuona maendeleo," akasema. "Unataka nimwonyeshe pamba?"

"Ubao wanuka mafuta."

"Fundi Salimu, sisi tunafanya kazi kwa sayansi. Hatufanyi kwa pua. Paka."

Nikapaka.

Ijumaa mashua ikashushwa majini, watu wakapiga makofi, Mkuu akapewa mkono. Siku ya tisa, nje ya mwamba, gundi ikabanduka yote kwa mkupuo mmoja, kama ukoko wa wali unavyotoka kwenye sufuria. Maji yakaingia. Mzee Kassim na wanawe waliogelea hadi mwambani, na mawimbi yakamsaga mguu mzee yule juu ya matumbawe. Hakuvua tena maisha yake yote.

Na Mkuu akaandika nini kwenye faili? "Fundi alikosea kipimo." Lahaula! Mimi! Wanawe waliiokoa mashua, nami nikaibandua ile gundi iliyosalia tumboni, kipande kirefu kama mkono, kigumu kama mfupa. Nikampelekea mezani. "Bwana Mkuu, kipimo kikikosewa gundi hunata. Hii ukiigonga yalia. Na igeuze upande wa pili, unuse." Hakuigusa. Akasema, "Ondoa takataka hiyo."

Kisha nikahamishwa. Mwajua wapi? Taru! Fundi wa mashua, mtoto wa pwani, nikapelekwa Taru penye vumbi na mbuzi, nikapake rangi matangi ya maji ya mifugo. Miaka sita, wallahi. Baadaye nikarudishwa Kombani kwenye ghala la vifaa, kuhesabu misumari, na huko ndiko nilikostaafia. Mkuu yeye alipanda cheo mara mbili. Kila kituo nilichokwenda, lile neno la kipimo lilitangulia kufika, na kile kipande cha gundi nilikibeba sandukuni, nikisema iko siku aliyeumia atajua haki yangu.

Nilipostaafu nikaenda Munje. Mzee Kassim alikuwa amekaa barazani akishona wavu wa mwanawe, mguu ameunyoosha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikakitoa kipande changu, nikaanza: kipimo kilikuwa sawa, tazama kilivyo kigumu, nusa hapa.

Hakukinusa. "Salimu," akasema, "mimi niliyaona hayo siku ile ile. Mafuta yale niliyapaka mimi na baba yangu, nitakosa kuijua harufu yake? Wala sikuamini hayo ya kipimo hata siku moja. Nataka kukuuliza jambo. Kabla ya kupaka, ulinusa?"

"Nilinusa."

"Ukajua?"

"Nikajua, Mzee Kassim."

"Ukapaka. Na mimi nilikuja kuichukua mashua yangu, nikakukuta umesimama pale pale, tukasalimiana vizuri, usiniambie."

Miaka yote nilikuwa nimeandaa majibu ya kumpa Mkuu. Nikakaa chini karibu na ule mguu wake, nikaomba radhi niliyopaswa kuiomba kabla sijaanza safari ya Taru. Akanisogezea upande wa pili wa wavu, nikashika, tukaendelea kushona mpaka adhana ya alasiri. Kile kipande nilikiacha pale barazani kwake, na yeye huweka kikombe chake cha kahawa juu yake.