Baiskeli ya Kukunia Nazi

Mwalimu Semeni alipomaliza kuwagawa wanafunzi wake makundi, Zuleha aliwatazama wenzake aliopangiwa akahisi ameokotewa makapi. Kazi ya kufungia mwaka pale chuoni kwao, chuo kidogo cha ufundi mjini Tanga, ilikuwa kutengeneza kifaa cha kumpunguzia mtu kazi za nyumbani. Sasa kwa watu hawa? Laurenti wa Pongwe, ambaye wazazi wake walikuwa wakata mkonge, haongei mpaka aulizwe mara mbili. Benedikta, msichana wa milimani Lushoto, alikuwa akibishana hata na saa ya ukutani. Sabiri wa Moa aliendesha bodaboda asubuhi, akaingia darasani wenziwe wakifunga madaftari. Na Zuleha mwenyewe, binti wa Chumbageni, alijulikana kwa kucheka. Akianza, hana breki.

Walikubaliana jambo moja tu: mashine ya kukuna nazi, ya kuendeshwa kwa pedeli za baiskeli. Mama yake Zuleha alikuwa mpishi wa shughuli, na kila harusi ilipokaribia, mikono ilimvimba kwa kukalia mbuzi akikuna nazi. Baada ya hapo, kila mmoja akaja na mchoro wake, na hakuna aliyekubali kuuweka chini. Zuleha, aliyekuwa amejitangaza kiongozi, akaona dawa ni kumridhisha kila mtu: fremu ya huyu, gia za yule, kibanio cha yule mwingine. Kilichozaliwa kilikuwa na sura ya mbuzi kweli, lakini mbuzi aliyegongwa na lori.

Wakaijaribu uani kwa kina Zuleha. Nusu ya nazi ikabanwa mbele ya meno, Sabiri akapanda akaanza kupiga pedeli.

"Punguza!" akapiga kelele Benedikta.

"Ongeza!" akasema Zuleha.

Sabiri akajaribu kuwatii wote wawili. Cheni ikachomoka, kibanio kikafyatuka, na ile nazi ikaruka juu ya ukuta kama imeitwa. Upande wa pili wakasikia maji yakipiga kishindo.

Mlango wa uani ukasukumwa. Akaingia jirani, Mzee Idarusi, aliyekuwa akifua kanzu zake. Povu lilikuwa limemjaa ndevuni, na mkononi kashika ile nazi.

"Shikamoo, babu!" wakamwamkia wote kwa pamoja.

"Marahaba. Nani karusha dafu hili?"

"Si dafu, babu," akasema Benedikta kwa adabu zake zote. "Ni nazi."

Zuleha alijitahidi, Mungu ni shahidi. Alijiziba mdomo kwa mtandio, akageukia ukuta. Lakini aliyeanza kuangua kicheko hakuwa yeye. Alikuwa Laurenti, yule bubu wa Pongwe, aliyekaa chini kwenye mchanga akijishika mbavu, machozi yakimtoka. Basi wote wakapasuka. Mzee mwenyewe akatikisa kichwa, akacheka mpaka povu likamdondoka kifuani.

Mama akawatandikia mkeka, akawaletea chai na vitumbua. Sabiri akafuta macho, akasema, "Wazee walinena, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sisi hapa wote manahodha. Baharia hakuna."

Maneno yale yakamwingia Zuleha. Tangu wapangwe pamoja, alikuwa hajamuuliza yeyote anapenda nini.

"Haya," akasema, "kila mtu aseme kazi anayoipenda. Kaka Laurenti, anza wewe."

"Kuchomelea," akasema Laurenti. "Nikiona cheche, moyo wangu unacheza."

Sabiri alipenda cheni na gia. Bodaboda yake aliitengeneza mwenyewe. Ila asubuhi hawezi, kwa hiyo wakahamishia vikao alasiri.

Benedikta akainamisha kichwa. "Mimi napenda kubisha. Najua nawachosha."

"Unatuchosha kwa sababu unabisha kazi ikishakwisha," akasema Zuleha. "Sasa ubishe kabla. Hakuna bolti itakayokazwa mpaka uikosoe kwanza."

Benedikta akang'aa kama bi harusi. "Kweli? Chochote?"

"Chochote!"

Basi akawakosoa! Mtoto akipenyeza kidole hapa je? Laurenti akachomelea wavu. Nazi iliyokunwa itaangukia wapi, mchangani? Ikawekwa sinia. Na mtu mfupi atafikaje? Sabiri akatengeneza kiti cha kupanda na kushuka. Zuleha kazi yake ikawa kuwakusanya, kuwachekesha wakinuna, na kuhakikisha hakuna anayemeza neno lake.

Siku ya maonyesho Zuleha alisimama mbele ya walimu kueleza. Akafungua mdomo, akaliona lile povu la Mzee Idarusi mbele ya macho yake. Kwisha. Alicheka hata akakosa pumzi, walimu wanamkodolea macho.

Laurenti akajongea mbele. "Hii inakuna nazi," akasema. "Panda, mwalimu."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba nzima. Mwalimu Semeni akakusanya gauni lake, akapanda. Pedeli zikaanza kuzunguka, nazi ikamwagika siniani, nyeupe, laini. Mwalimu akaongeza mwendo. Mkuu wa chuo akamsihi ashuke ili na wengine wajaribu.

"Subiri kidogo, bado kipande!" akasema mwalimu, akihema na kucheka.

Mpishi wa chuo akaja mbio na beseni la nazi zake, na foleni ikajipanga mpaka nje.

Makundi yaliposhindanishwa, wakashika nafasi ya pili, nyuma ya kundi lililotengeneza jiko la pumba za mchele. Benedikta aliubishia uamuzi huo hadi getini, na safari hii wenzake walikuwa nyuma yake wakimpigia makofi. Kisha Sabiri akaifunga ile mashine nyuma ya bodaboda, wakaipeleka Chumbageni, maana Jumamosi kulikuwa na harusi mtaani.

Mama alipanda amejifunga khanga kiunoni, akapiga pedeli huku akiimba. Zuleha aliegemea ukuta, mashavu yakimuuma kwa kucheka.

"Leteni nyingine!" mama akaita. "Jamani, mmelala?"

Na hawakuwa wamelala. Wenzake Zuleha walikuwa wakipasua nazi wote watatu, na bado hawakuweza kwenda na kasi ya mama.