Hesabu Iliyomgomea Neli

Dada yangu Neli ni mbishi, amezaliwa hivyo. Alifeli Fizikia kidato cha sita, akarudia mtihani, akafeli tena, na bado anataka kuwa mwalimu wa Fizikia hiyohiyo! Hapa Ikombe, kando ya ziwa, wanawake tunafinyanga vyungu, na kwenda mjini ni kwa mtumbwi. Mama yetu, Anyisile, alishachoka kumngoja.

"Kesho jioni usajili wa kurudia mtihani unafungwa kule mjini," Mama alimwambia asubuhi ile. "Hesabu yako ikigoma na leo, basi. Vitabu viende darini, ukae na udongo kama wenzako."

Neli akakubali. Nilimkasirikia sana, maana nilijua angetimiza.

Hesabu yenyewe ilikuwa moja tu, na ilimtesa wiki nzima. Gesi imo ndani ya silinda. Ikipashwa moto inasukuma pistoni juu, na pistoni inakandamiza springi. Je, gesi imefanya kazi kiasi gani? Neli alijua kwamba springi huanza kwa ulegevu, kisha huzidi kukaza, hivyo unachukua nusu ya nguvu ya mwisho na kuizidisha kwa umbali. Kila mara alipata jouli hamsini. Kitabu kilisema mia na hamsini.

Mchana alikuja kumsaidia Mama kutanua chungu kikubwa cha kupeleka soko la Lyulilo. Mkono mmoja unasukuma kwa ndani, mwingine unazuia kwa nje. Lakini mawazo yake hayakuwepo. Mkono wa nje ukateleza, tumbo la chungu likavimba upande.

"We Neli! Huku nje umemwachia nani?"

Neli akaganda. "Hewa," akasema, akinigeukia. "Lucy, nimesahau hewa!"

Akaokota kijiti, akaandika palepale mchangani. Pistoni haikuzuiwa na springi peke yake. Hewa ya nje nayo iliikandamiza, tena kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo yenyewe haigawanywi nusu. Jouli mia. Jumlisha hamsini za springi. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Nyuma yetu chungu kilikuwa kimelala ubavu, hakifai tena. Neli alipokiona akanywea.

"Nisamehe, Mama. Nakifinyanga upya sasa hivi."

Mama alimvuta, akaanza kumwosha udongo mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Chungu niachie mimi," alisema. "Wewe nenda katafute mtumbwi wa kesho alfajiri."