Nilimwambia Apige Magoti

Kosa ni langu! Msinitafutie kisingizio, nimevitafuta vyote mwenyewe na hakuna hata kimoja kinachotosha.

Nilikuwa nimetoka chuo, nikapata kazi katika shirika dogo linalowatafutia watoto yatima familia za kuwalea. Kazi yangu ilikuwa kuwatembelea. Msichana mmoja, nimwite Akinyi, tulimpeleka kwa mama mmoja wa kanisa pale Soweto West, Kibera. Wapangaji wa ploti nzima walimsifu mama huyo.

Siku moja Akinyi alinisindikiza hadi barabarani, akakunja mkono wa sweta. Ngozi ilikuwa imechanika!

"Anti, ananichapa na waya ya stima. Nitoe hapa."

Tulifundishwa wazi: mtoto akisema hivyo, anaondolewa papo hapo. Lakini mimi nilirudi kwangu Kawangware nikiwaza. Na kama anadanganya? Nikimharibia mama wa watu jina? Wakisema mimi ni mtoto tu, najua nini kuhusu kulea?

Basi nikafanya tunavyofanya kwetu: nikaita kikao pale kwa huyo mama, tumalize kinyumbani. Wakaja akina mama wawili wa kanisa lake. Tukaomba, tukanywa chai. Mama mlezi akalia. "Huyu ni kama damu yangu," akasema.

Mmoja wa wale wawili wa kanisa akamgeukia Akinyi. "Wewe, unalishwa halafu unamwanika mama yako? Piga magoti!"

Akinyi akanitazama mimi.

"Piga tu magoti, uombe msamaha," nikasema. "Yaishe."

Akapiga.

Nilikuwa sijafika steji ya matatu, jirani mmoja wa ploti akanipigia simu. "Rudi! Anaua mtoto!"

Nilikuta vijana wa ploti wamevunja mlango. Mama alikuwa amemkalia Akinyi kifuani, akimpiga usoni kwa mguu wa stuli. "Si ulienda kusema? Sema sasa! Waite tena!" Vijana wanne ndio waliomng'oa pale. Damu ilikuwa imerukia mabati, imeingia hata kwenye vikombe vyetu.

Akinyi yuko hai. Jicho moja halioni tena. Analelewa kwingine, na ameomba nisiambiwe ni wapi. Yule mama yuko mahabusu. Mimi niko nje, na hakuna aliyenishtaki!

Ndugu yangu unayefanya kazi hii, mtoto akikuonyesha kidonda, usiite kikao, usimpatanishe na anayempiga. Mshike mkono muondoke. Mashaka yako utayawaza baadaye, yeye akiwa amelala salama.