Kofia Mbili za Mwanahalima

Bibi yangu Mwanahalima wa Msimbu alijua kudarizi kofia kabla hajajua kusonga ugali. Alitoboa vitundu kwenye kitambaa cheupe cha bafta, akakizungushia uzi kila kimoja, mamia kwa mamia, mpaka maua yakatokea. Akiwa kazini humwiti akaitika. Mihogo iliungua jikoni mara nyingi tu, wala hakujali.

Kwetu mke humshonea mumewe kofia, na ua analolibuni huwa la mume huyo peke yake. Alipoolewa na babu yangu Mwinjuma, mwaka 1929, alimshonea kofia ya nyota zilizofungamana. Babu alitembea nayo mpaka Marui ili aonekane tu. Lakini nyota moja ya nyuma ilikuwa imepinda kidogo, na kwa miaka mitano kasoro hiyo ilimkosesha bibi raha. Mwishowe akashona nyingine, nyota zilezile, safari hii bila kosa. Babu akagoma kuiacha ile ya harusi, basi bibi akampa mpya kaka yake, Husseini. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni kuipenda kazi yake kupita kiasi.

Husseini, kichwa maji yule, akaibadilisha kwa shati na Kibwana wa Soga. Huyo Kibwana aliwahi kumposa bibi akakataliwa. Siku ya maulidi babu akamwona amekaa mbele ya watu wote na nyota za mkewe kichwani.

"Nani kakushonea hiyo?" babu akauliza.

Kibwana akacheka tu.

Babu alirudi nyumbani, akashika msahafu. "Weka mkono hapa. Apa kwamba hutashika sindano tena, au rudi kwenu leo hii."

Mama yangu, Swaumu, alikuwa mchanga mgongoni. Bibi akaapa.

Kesho yake Husseini akaja kueleza yote. Babu akasikia, akaamini. Ila kumwomba mkewe radhi kulimshinda, na kiapo kikabaki palepale. Mungu amrehemu babu, lakini kwa hilo bado nina hasira naye.

Ikapita miaka ishirini na mitatu. Mama anasema bibi alikuwa akichuma jani la mgomba, analitoboa kwa mwiba, nyota baada ya nyota, kisha anawatupia mbuzi. Babu naye hakuvaa kofia nyingine. Ile ya harusi ilichakaa mpaka nyota zikaachana.

Mwaka 1957, siku moja kabla ya Idi, babu alimwekea mapajani kofia ile, sindano na uzi.

"Mama Swaumu, nilikuonea. Nimeshalisha maskini kumi, kafara ya kiapo chako. Nishonee."

Bibi akajaribu kutunga uzi mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na hakuwahi kumwambia mtu. Angeyalalamikia ya nini, na kazi yake alishanyang'anywa? Babu akamtungia. Bibi akashona kwa kupapasa mpaka jua likazama.

Asubuhi babu aliivaa. Nyota zote zilikuwa zimekwenda upande. Bibi akamfuata mpaka mlangoni.

"Ivue, Baba Swaumu. Watu watajua ni mkono wangu."

"Na wajue," babu akasema, akaenda kuswali.

Bibi akakaa kizingitini, sindano mkononi, akalia mpaka watu wakarudi kutoka msikitini.