Ukuta Aliouegemea Dalali

Dalali aliyemuuzia baba nyumba ya Madungu alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, ulimi wake asali tupu. Siku tuliyokwenda kuiona nyumba, aliegemea ukuta wa chumba cha ndani, kanzu yake nyeupe pepepe, akaapa wallahi haina kasoro. Baba, mvuvi wa Vitongoji ambaye hakuwahi kununua hata banda, aliona ni utovu wa adabu kumwambia mtu mzima asogee. Tulipohamia ndipo tukauona ufa mpana aliouziba kwa mgongo wake.

Masika yale ukuta ukaanguka. Akaja bila haya kutupa pole.

"Ndiyo kadari ya Mungu, shehe wangu," akamwambia baba, huku akigeuka huku na huku kutafuta pa kuegemea.